Kanga, Fuko na Kamati ya Muhogo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Nataka ya watu wenye shamba. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma, na mwenye muhogo mdomoni ameze kwanza. Au asimeze. Mtaona wenyewe kwamba muhogo mdomoni nao una kazi yake.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wote walikuwa wakulima na kila mmoja ana jembe lake, palikuwa na kanga. Si kanga ya kujifunga kiunoni. Kanga ndege, mwenye madoadoa, mwenye kichwa kidogo na sauti kubwa. Alikaa kwenye mteremko juu ya mto ulioitwa Kibubu, kwa sababu ulipita kimya, na huenda ulipita kimya kwa sababu Kanga hakuuachia nafasi ya kusema.

Kanga alilima. Kwara-kwara, kwara-kwara. Alichimba, akapanda mihogo, akapalilia. Na huku analima, anasema. Kanga hakujua kulima bila kusema. Aliisema mvua kwa kuchelewa. Aliyasema magugu kwa kuwahi. Alimsema marehemu mume wake kwa kufa wakati wa palizi. Vifaranga wake walicheza hata bonde la pili bila kupotea, maana sauti ya mama yao iliwafuata kama kamba.

Mihogo ikakua. Ikampita Kanga magoti, ikampita kifua, ikampita kichwa. Kanga akalitazama shamba, akawatazama vifaranga, akaitazama mbingu inavyoanza kuwa nyeupe. Akajua kiangazi kiko njiani. Akawaita wanawe, akawaambia, "Wadudu watakwisha. Mbegu za majani zitakwisha. Sisi tutakula muhogo mpaka mvua irudi, na mvua ikirudi tutakata vijiti, tupande tena. Basi msiuguse mpaka niseme."

Vifaranga wakaitikia. Wakangoja mama aseme. Kwa mambo mengine yote alisema, kwa hilo hakusema.

Asubuhi moja Kanga akaingia shambani. Hapakuwa na upepo. Shina la muhogo likatikisika. Kanga akasimama. Likatikisika tena. Halafu likainama kama mtu aliyeitwa kutoka chini, likaanza kuzama. Chwii. Likazama mpaka yakabaki majani ya juu, yanapunga kama mkono wa msafiri. Halafu na mkono ukaingia.

Kanga akaruka pale, akachakura. Akakuta njia chini ya ardhi, laini, safi, imefagiwa. Muhogo hakuna. Limebaki ganda, nalo limewekwa pembeni kwa adabu. Na kutoka ndani kabisa akasikia:

Kwaruu, kwaruu. Kgu, kgu, kgu.

"Nani huko?" akauliza Kanga.

"Jirani," ikajibu sauti.

"Jirani gani?"

"Wa chini. Mimi ni Fuko. Usiwe na wasiwasi, Bi Kanga, mimi si mwizi. Wewe una shamba la juu, mimi nina shamba la chini. Majani yote ni yako. Sijagusa hata moja."

Watoto, fuko mnamjua? Mnene kama ngumi, manyoya laini, macho madogo kama ufuta, na meno yake yako nje ya midomo, ili achimbe bila kula mchanga. Nyumba yake haina dirisha. Haoni mbali, lakini anasikia. Ukikanyaga juu, yeye chini anajua umekanyaga kwa mguu gani.

Kanga akamsema Fuko mpaka jua likawa utosini. Akamaliza matusi ya kwao, akaazima ya kwa kina marehemu mume wake. Akaimba na wimbo, akipiga ardhi kwa mguu:

*Fuko, Fuko, wa chini kwa chini,*
*muhogo wangu unaula kwa nini?*

Na Fuko, kwaruu, kwaruu, akaitikia:

*Juu ni kwako, chini ni kwangu,*
*imba, jirani, nikatafune changu.*

Siku hiyo kukazama shina jingine. Chwii. Kesho yake, chwii. Kanga akaona huyu hawezi kusemwa akaondoka. Akaenda kwenye serikali.

Serikali ilikuwa ndani ya maji. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Alikuwa mwenyekiti wa mto, mwenyekiti wa njia ya kwenda mtoni, na mwenyekiti wa kivuli cha pale njia inapoishia. Kutwa alikuwa majini, nje yamebaki masikio na pua, na ukiuliza anafanya nini unaambiwa anatafakari. Katibu wake alikuwa Korongo, ndege mrefu, mwenye hatua za pole, aliyesimama kwa mguu mmoja. Wa pili aliuweka akiba.

Kanga akaeleza. Alieleza vizuri, na alieleza kwa muda mrefu. Korongo akasikiliza, akafumba macho, akafumbua, akasema, "Suala lako tumelipokea, mama. Linafanyiwa kazi."

Kanga akauliza kazi hiyo inafanywa na nani.

Korongo akabadilisha mguu.

Lakini tusiwasingizie, kazi ilianza. Ikaundwa Kamati ya Kudhibiti Fuko. Mwenyekiti akawa Kiboko, kwa sababu ni mwenyekiti. Katibu akawa Korongo, kwa sababu hiyo hiyo. Na Kobe akaingizwa kuwa mjumbe, awakilishe wote wanaotembea karibu na ardhi. Kobe alikuwa mjumbe mwema. Hakuwahi kukosa kikao, ila alifika kikiwa kinafungwa, na kila mara yeye ndiye aliyeunga mkono hoja ya kukifunga.

Korongo akasema kamati haiwezi kujadili shamba ikiwa mtoni. Lazima vikao vikae penye tukio. Basi wakapanda mteremko, Kiboko mbele, ardhi inatikisika, ndu, ndu, ndu. Wakakaa katikati ya mihogo ya Kanga. Kiboko akalalia mashina kadhaa, akasema hayo yahesabiwe kwenye hasara ya Fuko.

Na kabla kikao hakijaanza, Korongo akakohoa. Akamweleza Kanga, kwa upole kabisa, kwamba wajumbe wametoka mbali, na hakuna mnyama anayeweza kuzungumzia njaa ya mwenzake huku na yeye ana njaa. Ni utaratibu. Kanga akauliza utaratibu huo unaliwaje. Akaambiwa unachemshwa.

Kanga akang'oa muhogo, akachemsha. Kiboko alipofungua kinywa, sufuria ikaonekana ndogo. Kanga akang'oa mwingine.

Azimio la kwanza: Fuko apewe notisi ya kuhama. Korongo akainamisha shingo kwenye kilima kidogo cha udongo, akaitangaza notisi kwa sauti ya serikali, yenye kwa-mujibu na kwa-hivyo-basi nyingi. Akamaliza. Halafu sauti ya Fuko ikatoka, ya heshima, ikaomba notisi irudiwe, kwa kuwa msikilizaji alikuwa anatafuna. Korongo akarudia. Fuko akashukuru sana, akasema hajawahi kusomewa kitu kizuri namna ile. Halafu, kwaruu, kwaruu. Chwii.

Kamati ikakaa tena. Ikachemshiwa tena. Azimio la pili: moshi wa pilipili. Wakachagua shimo, wakabishana ni shimo lipi, wakakubaliana ni lile la karibu na jiwe jeupe, wakakubaliana iwe kesho jua likichomoza, Korongo akakariri maamuzi kwa sauti ili yasisahaulike. Kesho yake wakawasha moto kwenye shimo la karibu na jiwe jeupe, wakatia pilipili, wakapuliza. Lakini Fuko usiku alikuwa ameshaziba njia ile kwa udongo, akaishindilia kwa kichwa. Moshi ukaingia, ukagonga ukuta, ukageuka, ukarudi ulikotoka.

Chyaa! Korongo akaangusha mguu wa akiba. Chyaa! Kobe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akaingia ndani ya gamba, na pilipili ikaingia naye. Kiboko akapiga chafya iliyolaza mihogo mstari mzima. Kanga akalia, na siyo kwa pilipili peke yake.

Jioni, kamati imeshuka mtoni kuosha macho, Kanga akabaki amekaa kwenye tuta. Sauti ikatoka chini yake.

"Pole, jirani. Niliwaambia mimi wawashe moto? Hawakuniuliza. Lakini Katibu anaongea vizuri. Ile hoja yake ya jiwe jeupe ilinisaidia sana."

Kanga akashtuka. "Ulisikia?"

"Nisisikie vipi? Wamekaa juu ya sebule yangu. Bi Kanga, katika kamati yenu mimi ndiye sijakosa kikao, tangu cha kwanza, na ninawahi. Tena mimi posho yangu naila mbichi, sikusumbui kuni."

Hapo ndipo Kanga alipolitazama shamba lake vizuri. Mihogo aliyokula Fuko, ameila. Mihogo iliyoliwa na kamati ya kumzuia Fuko, hesabu yake aliogopa kuianza. Umebaki mstari mmoja, ule wa chini karibu na kichaka. Mstari huo ukienda, hakuna chakula cha kiangazi. Si hivyo tu. Hakuna hata kijiti cha kupanda mvua ikirudi. Na vifaranga walikuwa wamekaa wamejipanga, shingo nyembamba, macho kwake, wanangoja aseme.

Wakubwa, njaa ya mtoto si kama njaa yako. Yako unaweza kuikalia.

Kesho yake Kanga akang'oa shina moja katika ule mstari wa mwisho, akachemsha, akawagawia wanawe. Kikabaki kipande. Akakitia mdomoni kabla hakijapoa, maana alikuwa na hasira na hasira haingoji kitu kupoa. Kikamuunguza. Akashindwa kukimeza, akashindwa kukitema, maana muhogo wa mwisho hautemwi. Akaanza kukimbia huku na huku na kuchakura kwa uchungu, kwara-kwara, mpaka mguu wake ukatoboa njia ya Fuko. Tobo likafunguka, jua likaingia ndani, upepo ukaingia. Kanga akasimama pale pale, mdomo umejaa, hawezi kusema neno.

Kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, Kanga alikuwa kimya.

Na kwa kuwa alikuwa kimya, akasikia. Kwaruu. Mbali. Kwaruu. Karibu. Udongo ukatokeza kwenye tobo, ukisukumwa. Nyuma ya udongo yakatokeza meno. Nyuma ya meno, pua. Ni Fuko, anakuja kuziba. Anasukuma udongo kwa haraka, ananung'unika peke yake kama mtu aliyekuta mlango wake umeachwa wazi na watoto. Puu, puu, akashindilia. Tobo likaziba. Akarudi chini.

Kanga akameza. Muhogo ulikuwa umepoa zamani.

Akafikiri. Huyu ukimwita haji. Ukimtishia haji. Ukimtolea notisi anakushukuru. Lakini ukimfungulia mlango, mwenyewe anakuja kuufunga. Isipokuwa kwanza nyamaza.

Ewe msikilizaji, hilo neno ni jepesi kwako. Mwambie kanga anyamaze uone.

Siku iliyofuata akawapeleka vifaranga ng'ambo ya kichaka, akawakataza hata kulia pii. Akachukua jembe. Akachukua chungu chenye kifuniko, kwa sababu alijua kikapu Fuko angekitafuna. Akachemsha kipande cha muhogo, akakiacha kipoe, akajaza mdomo. Akatoboa njia ya Fuko kwenye mstari wa mwisho. Akasimama nyuma ya tobo, jembe juu, mguu mmoja juu, hapumui.

Ukapita upepo, ukamvuruga manyoya. Kanga alitaka kuusema, akanyamaza. Akapita siafu juu ya kidole chake, akauma. Kanga alikuwa na maneno ya siafu tangu utoto, akanyamaza. Muhogo ukaanza kuyeyuka mdomoni, mtamu, na tumbo likamwambia meza. Akaukatalia. Akimeza, mdomo utakuwa mtupu, na mdomo mtupu wa kanga hauna mwenyewe.

Kwaruu. Mbali.

Kanga kimya.

Kwaruu. Karibu. Kisha kukawa kimya hata chini. Fuko amesimama, anasikiliza. Huku Kanga kimya, huku Fuko kimya, katikati upepo unaingia shimoni, huu, huu.

Fuko akashindwa. Udongo ukatokeza. Meno yakatokeza. Pua ikatokeza. Kanga akalishusha jembe, kwaa, si juu ya Fuko, bali nyuma yake, likakata njia. Fuko akageuka, akakuta chuma. Akageuka tena, akakuta chungu. Akaingia. Kifuniko kikafunga.

Ndipo Kanga akameza, akasema. Alisema yote ya siku mbili, na yalikuwa mengi.

Fuko akangoja mpaka alipovuta pumzi. Akauliza kutoka chunguni, "Jirani, uliwezaje? Kanga hanyamazi."

"Nilikuwa na muhogo mdomoni."

"Wangu?"

"Wangu."

Fuko akaguna. Akasema, "Mama yangu aliniambia, mwanangu, tobo likifunguka ghafla, usiende. Babu alikwenda hakurudi. Nilijua ni mtego, Bi Kanga, sikufichi. Lakini upepo unaingia ndani ya nyumba, mtu utakaaje?"

Kanga akainua chungu amalize mambo pale pale. Lakini sauti yake ilikuwa imeshafika mtoni. Ndu, ndu, ndu. Kamati ikapanda mteremko. Korongo akatangaza kwamba kamati inajipongeza kwa kumkamata Fuko. Akasema aliyekamatwa ni wa serikali, na hukumu ni kazi ya kikao. Na kikao, kama mama anavyojua, kina utaratibu.

Kanga akautazama mstari wa mwisho. Akang'oa shina moja. Moyo wake uling'oka nalo.

Kamati ikala, ikahukumu. Korongo alitaka Fuko atupwe mtoni. Kiboko akakataa, akasema yeye anaishi humo na hataki mahabusu chumbani kwake. Korongo akapendekeza achomwe. Wote wakakumbuka ule moshi, wakapiga chafya, pendekezo likaanguka. Hapo Kiboko akainuka, akafungua kinywa, akatoa neno zito.

"Kosa hili ni kubwa," akasema. "Adhabu yake iwe kubwa kuliko kosa. Tutachimba shimo. Tutamtia ndani akiwa hai. Tutamfukia kwa udongo, giza limfunike, asionane na jua milele."

Korongo akafumba macho kwa hofu ya hukumu hiyo. Kobe akafika, akaunga mkono.

Na Fuko, ndani ya chungu, hakulia, hakuomba. Lakini Kanga alimchungulia, akayaona masharubu yake yanacheza.

Kanga akafungua mdomo aseme. Korongo akamwambia mlalamikaji hana nafasi ya kuzungumza katika hukumu. Kanga akataka kusema hivyo hivyo. Maneno yakamjaa, yakamfika kooni, yakafika ulimini. Halafu akakumbuka pale toboni, na utamu wa muhogo usiomezwa. Akachukua ganda lililobaki sahanini, akalitia mdomoni. Akanyamaza.

Akanyamaza mpaka alipopata la kusema. Kisha akalitema ganda, akaomba, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua, ruhusa ya kuuliza swali moja tu la utaratibu. Neno utaratibu likamfungua Korongo macho. Akaruhusiwa.

"Waheshimiwa," akasema Kanga, "mtamzika wapi? Hapa kwangu udongo umejaa mashimo, kaburi litabomoka, na hukumu yenu itaonekana ya ovyo. Hukumu nzito kama hii inataka udongo laini, uliolimwa vizuri, wenye kina. Inataka mahali ambapo mkono wa serikali uko karibu."

Wakafikiri. Udongo laini, uliolimwa vizuri, wenye kina. Palikuwa na mahali pamoja tu kama hapo, ng'ambo ya mto: bustani ya viazi vitamu ya Mwenyekiti. Kila mtu aliijua. Matuta yake yalikuwa marefu, manene, yamejaa, na yalilimwa na wananchi kwa kujitolea, siku wasiyoichagua.

Kiboko akatabasamu, na tabasamu la Kiboko ni refu. Akasema kwa kuwa yeye ni kiongozi anayejitoa, anaitoa bustani yake. Kaburi la Fuko liwe pale, karibu na macho yake, liwe fundisho.

Wakavuka mto, chungu kikiwa mgongoni kwa Kiboko. Maji ya Kibubu yalikuwa mapana, na fuko, watoto, si mwogeleaji wa mto mpana. Wakachimba shimo katikati ya matuta. Kiboko akahutubia kwa muda ambao ungetosha kupalilia. Kanga akainamisha chungu juu ya shimo. Fuko alipokuwa anateleza kutoka, akamnong'oneza, "Jirani, nakutambua."

"Nenda," akasema Kanga. "Funga mlango."

Wakafukia. Wakashindilia. Kiboko akakanyaga juu, ndu, ndu, kwa niaba ya sheria. Udongo ukatulia. Kamati ikavunjwa kwa shangwe, maana kazi yake imekwisha.

Kanga akarudi kwenye mstari wake mmoja, uliopungua shina. Hapo sasa akawaambia wanawe neno walilongoja. Wakala kwa kipimo, kidogo kidogo. Ardhi ikawa kimya. Hakuna kwaruu, hakuna chwii.

Na ng'ambo ya mto? Mnauliza?

Kiboko alikuwa majini, anatafakari. Akainua jicho kuitazama bustani yake. Hapakuwa na upepo. Jani la kiazi likatikisika. Likatikisika tena. Chwii. Lingine, chwii. Tuta zima likashuka kama godoro lililotolewa pamba. Na kutoka chini sauti ya heshima ikamsabahi Mwenyekiti, ikamshukuru kwa makazi mapya, ikasema kwamba hukumu ile ndiyo ya haki kuliko zote zilizowahi kutolewa, na kwamba majani yote ni ya Mheshimiwa.

Mwenyekiti hakuunda kamati siku ile. Hakungoja hata Katibu achague mguu. Alivuka mto maji yakiruka pande mbili, akapanda mteremko bila kupumzika, akafika kwa Kanga anahema. Akaeleza, na kwa mara ya kwanza alieleza kwa ufupi. Viazi vyake vinaliwa. Vyake yeye. Asaidiwe leo, tena sasa hivi.

Kanga alikuwa anamenya muhogo. Akamsikiliza mpaka mwisho. Akainua mguu mmoja, akauweka akiba.

"Suala lako tumelipokea, Mheshimiwa," akasema. "Linafanyiwa kazi."

Kiboko akainamisha kichwa. Ni mkubwa, na kichwa kikubwa kikiinama huonekana kutoka mbali. Vifaranga wakamwonea huruma, na Kanga, kwa kuwa ni mama wa watu, akamwonea kidogo. Akamwambia ukweli wote, hakuficha hata kimoja. Atoboe njia ya Fuko, asimame nyuma ya tobo, ashike jembe, anyamaze. Fuko atakuja mwenyewe, hawezi kuvumilia upepo.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Lakini lile la mwisho ndilo dawa. Ukisema neno moja, haji."

Kiboko akarudi mbio. Akatoboa njia. Akasimama nyuma ya tobo. Akashika jembe. Akanyamaza. Kwaruu, mbali. Kwaruu, karibu. Udongo ukaanza kutokeza. Kiboko akatazama kulia, akaona vyura wanatazama. Akatazama kushoto, Korongo amesimama, Kobe anakuja. Watu wamekusanyika. Mwenyekiti amesimama mbele yao.

Akafungua kinywa. "Ndugu wananchi," akasema.

Puu. Tobo likaziba.

Alijaribu tena, na tena. Kila akijizuia, kinywa kinafunguka chenyewe. Viazi vikaisha, matuta yakalala, bustani ikaota nyasi. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anakula nyasi, naye zamani alikuwa mwenye viazi. Na ukipita mtoni ukamwona ameachama, kinywa wazi, haitoki sauti, usidhani anapiga miayo. Ana hotuba.

Kanga naye mvua ilipoanza kunyesha alikata vijiti vyake, akapanda. Kwara-kwara, kwara-kwara. Aliisema mvua kwa kuchelewa, mpaka mto wenyewe ukamsikia. Lakini kila akilima, mara moja moja husimama ghafla, mguu mmoja juu, kichwa upande, kimya kabisa. Nanyi mmemwona akifanya hivyo. Anasikiliza chini.

Sasa fundisho, nalisema wazi ili asiwepo wa kuniuliza. Shida ikiwa ya mwenzako, huundiwa kamati. Ikiwa yako, huundiwa mbio. Basi shamba lako lilinde mwenyewe, na unapomvizia mwizi, kwanza kamata mdomo wako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Tobo nimeliziba, aliyebaki na muhogo mdomoni sasa ameze.